Sala ya Sehemu za Ua

9 Februari

Mjomba, shikamoo.

Najua barua huanza na salamu na habari za nyumbani, na zitakuja, lakini nikianza nazo nitaishia nazo. Najijua. Kwa hiyo natanguliza jambo lililonifanya nichukue kalamu, ambalo sijamwambia mtu mwingine yeyote: siku ile niliyomwombea Mama macho, sikuomba.

Sasa salamu. Sisi hatujambo. Mama anakusalimu, yaani angekusalimu kama angejua nakuandikia. Mtihani wa mwisho nilimaliza salama, matokeo bado. Kwa sasa nakaa nyumbani namsaidia kushona: yeye anakata na kuunga, mimi napindia, nabandika vifungo na kupiga pasi. Asante kwa barua yako ya pongezi. Mama aliitazama bahasha, akautambua mwandiko wako, akaniwekea mezani bila kuifungua. Simu ya hapa nyumbani ni moja, nayo hukaa mfukoni mwa aproni yake, ndiyo maana naandika. Ukijibu, tumia sanduku la shule. Karani amekubali kunitunzia.

Basi ilikuwa hivi. Hospitali walimwambia Mama ana presha ya macho, wakampa matone ya kutia kila siku. Kila akiyatia, kichwa kinamgonga juu ya nyusi na kila kitu kinakuwa ukungu. Alikuwa anashona kwa kupapasa. Siku ya ibada Mchungaji akaita wenye shida, Mama akaenda mbele, na wazee walipomsogelea akasema hapana, anataka kuombewa na mwanawe. Mimi, Mjomba! Mimi ambaye darasani nikiulizwa swali nalijibu dawati. Nikavutwa mkono hadi mbele, kiganja changu kikawekwa juu ya kitambaa chake cha kichwa, na kanisa zima likanisubiri.

Sikuwa na neno. Nikafumba macho, na kitu pekee kilichokuja ni Biolojia niliyokuwa nimeikariri kwa ajili ya mtihani: sepali, petali, stameni, chavua, stigma, ovari. Nikavitaja kwa kunong'ona, nilipofika mwisho nikarudia tangu mwanzo. Watu walidhani nanena kwa lugha. Nikamalizia na amina.

Tangu siku hiyo Mama hakutia tena matone, kwa imani. Hazikupita siku nyingi ukungu ukaondoka. Alichukua sindano yake nyembamba kuliko zote, akatunga uzi mara moja tu, akaketi chini akalia. Sasa kila ibada huitwa mbele na sindano yake, anatunga uzi mbele ya macho ya watu, nao wanapiga makofi. Mimi wananiita Mkono. Wameanza kuniletea watoto wenye homa.

Sijui kama sikuomba kwa sababu ya woga tu, au kwa sababu ndani yangu sikuona wa kumwomba. Hilo la pili naogopa hata kuliandika. Wewe ndiye pekee katika ukoo wetu uliyesema mbele ya wote kwamba Mungu hayupo, hadi wakakubandika jina la Hakuna, kwa hiyo nikafikiri hutashtuka.

Nimwambie Mama?

Mpwa wako.


27 Februari

Mpwa wangu,

Marahaba, na nyingine ya akiba.

Mimi mzima. Usukani nimeuacha, basi lina dereva mwingine sasa. Mgongo ulikuwa unalalamika. Nimepata kazi ghalani, nakaa kwenye kiti mlangoni na kupokea mizigo. Mke bado sina, paka ninaye, na yeye anajiona mwenye nyumba. Mwenye nyumba halisi naye hajambo, kwa bahati mbaya.

Barua yako nilicheka hadi paka akahama chumba. Stigma, ovari, amina! Kwa nini unaona haya? Bila kujua, umefanya jaribio safi ambalo sisi tunaobishana na wanadini tumelitamani miaka yote. Wao wanasema sala imeponya. Haya, sala haikuwepo. Tumebaki na nini? Matone. Matone ya namna hiyo hubana mboni, ndiyo maana mtu huona ukungu na paji la uso likamuuma. Ameyaacha, ukungu umeondoka. Hapo hakuna muujiza, kuna chupa iliyofungwa kizibo.

Lakini acha nisicheke tena, maana ugonjwa wenyewe haukuwa ukungu. Presha ya macho haianzii katikati. Inakula pembeni taratibu, kama panya anavyokula mkate kuanzia kwenye ganda, na katikati panabaki pazima hadi karibu na mwisho. Kwa hiyo dada yangu atatunga uzi kwenye sindano leo, na mwezi ujao, watu watapiga makofi, na wakati huohuo hamwoni aliyesimama begani kwake. Wanampima mahali palepale ambapo ugonjwa haujafika. Na kilicholiwa hakirudi. Matone hayarudishi kitu, yanalinda kilichobaki. Yapo hata mengine yasiyoleta ukungu, angeuliza angepewa.

Mpime wewe. Mkalishe mbele yako, afumbe jicho moja, akutazame puani bila kuhama, wewe ulete kidole polepole kutoka ubavuni. Aseme anapokiona.

Halafu mwambie, tena leo. Dada yako mkubwa akikulea kwa mkono wake, halafu ukakataa kusimama kwenye sala ya mazishi ya baba yenu, neno lako halifiki tena kwake. La kwako litafika. Ukweli ukishasemwa hauhitaji mtu wa kuusukuma.

Na jambo moja la ziada. Mwisho wa mwezi ujao tuna mdahalo na wanadini katika ukumbi wa hapa, na mimi ndiye msemaji wa upande wetu. Niruhusu nisimulie kisa chako, bila kutaja mtu. Kitawamaliza.

Mjomba wako, Hakuna.


20 Machi

Mjomba, shikamoo.

Natumaini mgongo unaendelea vizuri, na paka pia. Sisi tupo. Mkanda wa cherehani ulikatika katikati ya sare za shule, tukafunga kwa kamba ya kiatu hadi fundi alipokuja. Mvua imeanza, pale juu ya kabati panavuja kama kawaida.

Nakuomba usikisimulie. Kwako ni kisa, kwangu ni Mama.

Nilimpima. Nilimwambia ni mchezo wa macho tuliofundishwa shuleni, akakubali akicheka. Jicho la kulia kidole kilikuja nusu ya njia ndipo akasema, "Hicho hapo." La kushoto kilikuja, kikaja, nikadhani amelala. Kilipokuwa karibu kugusa kope akasema, "Nakiona." Nikamwambia, "Mama, nimekileta tangu kule dirishani." Akasema, "Nilikuwa naangalia pua yako. Si ndivyo ulivyotaka?" Akarudi kwenye kitambaa chake.

Siku iliyofuata nikamfuata Mchungaji baada ya ibada. Ilinichukua muda mrefu kumkaribia, nilijifanya napanga viti. Nilimwambia tu kwamba nina wasiwasi na macho ya Mama, la kwangu sikulisema. Mjomba, usimcheke huyu mtu. Alikuja nyumbani jioni hiyohiyo, akamwambia, "Mama, rudi hospitali wakutazame tu. Shukrani yako Mungu ameshaipokea."

Mama akasema, "Mchungaji, mtu akikupa nguo, unaipeleka kwa fundi mwingine akuambie kama imeshonwa?"

"Mimi mwenyewe navaa miwani, Mama, na ninahubiri nayo."

"Wewe hukuombewa na huyu mtoto."

Wote wawili wakanitazama. Nikaenda kuchemsha chai ambayo hakuna aliyeiomba.

Nilijaribu hoja yako ya matone. Nilimwambia, ayatie tena siku chache tu, tuone kama ukungu utarudi, tujue ulitoka wapi. Hakukasirika. Alinijibu taratibu, kama anayemweleza mtoto jinsi ya kushika mkasi: "Ukipewa kitu na anayekupenda, humjaribu kuona kama atakupa tena." Najua utasema hiyo si hoja. Lakini wewe unataka nimwondolee kitu ambacho asubuhi kinamwamsha akiimba. Mahali pake nitamwekea nini? Wewe mwenyewe umesema matone hayarudishi.

Nina maswali mawili. Mama anasema Babu alipofuka kwa kumlilia Bibi. Wewe unasemaje? Na la pili, umeyajuaje haya ya macho kwa undani hivyo? Umeandika kama mtu aliyekaa nayo chumba kimoja.

Bado sijamwambia.

Mpwa wako.


2 Juni

Mpwa wangu,

Marahaba. Niwie radhi kwa kuchelewa. Ghalani kulikuwa na kazi nyingi. Hali yangu ni ya kawaida. Paka alitoweka, akarudi na sikio lililochanika, hataki kuulizwa.

Utaona herufi zangu zimekuwa kubwa. Kalamu hii haifai.

Nilikisimulia. Barua yako ya kunikataza nilikuwa nayo mfukoni, sitakudanganya kwamba ilichelewa. Ukumbi ulijaa. Nilipofika kwenye "ovari, amina" hata wanadini walicheka, nikajua nimeshashinda. Ndipo akasimama mama mmoja wa upande wao, mkunga, mtu mzima. Hakubisha hata kidogo. Akauliza, "Huyo mgonjwa sasa anaonaje?" Nikasema anazidi kupoteza. Akauliza, "Ni nani yako?" Nikasema ni mtu ninayemfahamu. Akasema, "Unajua anapofuka, unajua na dawa yake. Umempeleka?" Nikaanza kueleza kuhusu sababu na matokeo. Akasema, "Baba, nimeuliza kama umempeleka," akaketi.

Hakuna aliyepiga makofi, wao wala wetu. Nimejiuzulu usemaji.

Kuhusu Babu: alikuwa mzee, wazee hupofuka. Kuhusu mimi: nasoma vitabu, ndiyo kazi ya asiyeamini.

Umemwambia? Kama bado, nitamwandikia mimi mwenyewe, afungue au asifungue.

Mjomba wako.


19 Juni

Mjomba, shikamoo.

Sisi wazima. Matokeo yametoka, nimefaulu. Mama aliwaambia wateja wote hadi mwingine akaondoka bila suruali yake.

Nilikasirika kwa siku kadhaa. Sijazoea kukasirika na mtu mkubwa, nilikuwa naosha vyombo mara mbili. Halafu nikamfikiria yule mkunga, nikajiuliza swali lake mimi mwenyewe. Nikaona nikisubiri uandike wewe, Mama atalisikia kwa mtu anayetaka kushinda. Kwa hiyo nilimwambia.

Alikuwa anapima kiuno cha sketi. Nilisimama nyuma yake kwa sababu uso kwa uso nisingeweza. Nikasema, "Mama, siku ile sikuomba. Nilikuwa nataja sehemu za ua." Akauliza, "Ua gani?" Nikasema, "Ua lolote. La kwenye kitabu." Nikazitaja zote, ili asidhani natania. Nikamwambia kwamba sala haikuwepo, kwa hiyo na uponyaji haukuwepo, na kwamba ukungu ulitokana na matone. Nilisema yote, Mjomba, hoja zako zote, kwa mpangilio.

Niliona mabega yake yakitikisika nikajua nimemvunja. Akageuka. Alikuwa anacheka, machozi yanamtoka kwa kicheko.

"Mwanangu," akasema, "maua aliyaumba nani?"

Akanikumbatia. Akasema alijua siku zote kwamba naona haya, na kwamba Mungu aliyesikia sehemu za ua kutoka kwa mtoto mwenye haya ni mkubwa kuliko yule aliyekuwa anamfikiria. Siku ya ibada alisimama akawaeleza wote. Nilitamani sakafu inimeze. Walishangilia kuliko zamani. Sasa jirani mmoja ameniomba nimwandikie hizo sehemu kwenye karatasi, akamsomee mumewe mwenye mguu uliovimba.

Umeniambia ukweli ukishasemwa hauhitaji wa kuusukuma. Niliusema wote, ukageuka ushuhuda.

Jumanne Mama aliweka kiwiko juu ya pasi ya moto. Ilikuwa kushoto kwake, juu ya meza ileile. Akanigombeza, "Nani ameiweka hapa?" Aliiweka yeye, nilimwona. Ngozi ilitoka pamoja na kipande cha blauzi. Nilipokuwa namfunga alinishika uso kwa mikono yote miwili, akautafuta mpaka ukaja katikati, akasema, "Usilie, hata siumwi." Anaumwa.

Mimi hoja zimeniishia. Njoo wewe. Njoo umchukue mkono, umwambie wewe ni mdogo wake na unamwogopea, usiseme kitu kingine chochote. Nauli ya basi lako la zamani si watakupunguzia?

Mpwa wako.


25 Julai

Mpwa wangu,

Marahaba, na hongera kwa kufaulu. Ningekuwa nawe ningekubeba mgongoni, mgongo wangu hauna neno.

Siwezi kuja. Nitakueleza sababu, na nakuomba ibaki kwako.

Mgongo haukuniondoa kwenye basi. Nilikwenda kuongeza muda wa leseni, wakapima macho, daktari akaita mwenzake. Jicho la kulia limeshakwisha, naona mwanga tu. La kushoto limebaki kama ninachungulia kwenye bomba. Natia matone kila siku sasa. Nilichelewa. Mistari hii naiandika nikifuata ukingo wa rula, na wino nauona neno moja moja.

Babu yako hakupofuka kwa kulia. Daktari wake alisema jina la ugonjwa nikiwa nimesimama pale, akasema unafuata damu. Nilinunua vitabu. Nilisoma kila kilichoandikwa, nikaweza kuwaeleza abiria. Jambo moja tu sikulifanya, nalo ni kwenda kupimwa. Kila mwaka nilikuwa na sababu nzuri, mimi ni hodari wa sababu. Dada yako aliacha matone kwa imani, mimi sikuanza kwa woga, na kama ungetuweka mbele ya ukuta mmoja tungegonga vichwa mahali pamoja. Nimeandika "dada yako". Namaanisha mama yako. Nimechoka, sitalifuta.

Utauliza kwa nini nisimwambie. Kwa sababu atasema ni adhabu. Sitamsikia akisema, nitakuwa huku, lakini najua ndivyo atakavyofikiri akipiga magoti usiku kuniombea, na siwezi kuvumilia kuombewa kwa ajili ya kosa ambalo si kosa. Na wenzangu wa ukumbini watasema, angalia, huyu ndiye aliyetufundisha kudai ushahidi. Kwa hiyo mbele ya wote nina mgongo mbovu.

Nilitaka ushinde ubishi niliokuwa nimeshindwa ndani yangu. Ni vibaya kumpa mtoto mzigo wa namna hiyo.

Jambo moja sasa silisemi kwa ajili ya kushinda. Damu hiyo ni yako pia. Nenda ukapimwe. Usisome kwanza. Nenda.

Mjomba wako.


8 Septemba

Mjomba wangu, shikamoo.

Barua hii naiandika kwa herufi kubwa na wino mweusi. Ukichoka, pumzika, haina haraka. Natumaini unatia matone. Sisi asubuhi tunatia kabla ya chai. Nawe tia wakati huohuo.

Nilipoisoma barua yako nililia kule kwa karani, akanipa kiti. Halafu, pale uliposema damu hiyo ni yangu pia, nikaona njia ambayo hukuiandika kwa nia hiyo. Nilirudi nyumbani, Mama yuko mezani anakata. Nikamwambia, "Mama, pembeni sioni vizuri."

Mkasi ukasimama.

"Tangu lini?"

"Kitambo." Ulikuwa uongo, Mjomba. Naona pembeni kama kawaida. Nikaongeza, "Lakini si kitu, nitaombewa siku ya ibada."

Mama akasema, "Ibada ni keshokutwa. Vaa viatu."

Hakuzima hata redio. Alifunga mlango akiwa na aproni yake, akanikokota, yaani alidhani ananikokota. Barabarani mimi ndiye niliyekuwa namwongoza, maana baiskeli zilikuwa zinampita kushoto hazioni. Njia nzima hakutaja maombi. Nilikuwa natembea nikifikiri: macho yake mwenyewe anaweza kuyaweka rehani kwa Mungu, yangu hapana. Sikujua nifurahi au nisikitike, na mpaka leo sijui.

Hospitali nilimnong'oneza muuguzi kila kitu. Akasema, "Hayo mimi sikuyasikia," lakini alituingiza pamoja, akamwambia daktari ni ugonjwa wa ukoo, wapimwe wote. Mama akakubali kupimwa ili mimi nisiogope mashine. Alipoweka kidevu kwenye ile mashine alinikonyeza.

Macho yangu ni mazima. Ya kwake: la kushoto limekaribia kwisha, la kulia limebaki katikati. Daktari alimchorea kwenye karatasi, duara dogo ndani ya duara kubwa, akaweka kivuli sehemu iliyokufa. Mama aliishika ile karatasi karibu sana na uso. Aliitazama kwa muda mrefu kuliko anavyotazama ramani ya nguo ngumu. Mwishowe akauliza, "Na mtoto?"

Muuguzi alikuwa nyuma yangu. Kabla daktari hajafungua mdomo nikasema, "Na mimi nimepewa matone, Mama, ya kuanzia." Daktari alinitazama, akamtazama muuguzi, akaanza kuandika kitu ambacho nadhani hakikuhitaji kuandikwa.

Tulipotoka Mama alisema, "Ya kwako utatia kila siku bila kukosa. Ya kwangu nilishayakabidhi." Nikasimama katikati ya watu. Mimi, Mjomba, nikasema kwa sauti hadi mtu akageuka: "Usipotia wewe, na mimi sitii. Tutakabidhi wote wawili." Alinishika mkono kwa nguvu sana, nikadhani atanipiga. Halafu akauachia.

Chupa yangu muuguzi alinipa mwenyewe. Ni matone ya kulainisha macho makavu tu, hayana faida wala madhara. Ya Mama ni aina mpya, hayaleti ukungu. Kila asubuhi tunaketi kitandani. Kwanza ananitia mimi. Anauliza kama naona afadhali pembeni, nasema bado, lakini haijazidi. Halafu namtia yeye. Ananiangalia muda wote kuhakikisha sipepesi.

Usidhani nimeshinda. Haendi tena mbele kanisani. Anaketi benchi la mwisho karibu na ukuta, watu wakimuuliza anasema yuko salama. Mchungaji alikuja, wakazungumza kidogo, akaondoka ameinamisha kichwa. Kushona amepunguza. Asubuhi haimbi, redio ndiyo inaimba. Juzi aliniuliza, "Ile furaha niliyoipata, niliipata wapi basi?" Nilifungua kinywa, nikakumbuka hoja zako zote na zake zote, nikakifunga. Aliniuliza pia kama mdogo wake huko aliko ameshapimwa. Nikasema sijui. Akasema, "Mtu mbishi yule. Mungu amlindie macho yake." Hakusema adhabu, Mjomba. Nilisubiri aseme, hakusema.

Mimi kama naamini au siamini, sijapata jibu, na siku hizi sipati nafasi ya kulitafuta. Ninachojua ni kwamba siku Mama akigundua macho yangu ni mazima atasema nimeponywa, atarudi mbele akishangilia, na chupa yake ataitupa. Kwa hiyo sitapona. Mwaka huu, na mwakani, na nikiolewa, nikizeeka naye, lazima niendelee kuwa mgonjwa.

Ndiyo maana nakuomba, na hili sitamwandikia mtu mwingine. Usimwambie yeyote. Usilipeleke ukumbini hata bila majina, hata kama litamnyamazisha yule mkunga, hata kama unaona linawathibitishia kitu wao au ninyi. Ukishaisoma, ichome. Mkono wa Mama unapapasa ukitafuta jicho langu, tone la kwanza mara nyingi huangukia shavuni, na yeye anaomba radhi. Hilo shavu nalifuta baadaye, akiwa hanioni. Na wewe usiseme.

Mpwa wako.